Rwezamenyo: Mlimani kwa Waswahili wa Kigali

Barabara ya kutoka katikati ya jiji la Kigali kwenda Nyamirambo haikimbilii bondeni. Inafuata mgongo wa kilima kuelekea kusini-magharibi, ikipita Gitega, Biryogo na Rwezamenyo kabla ya kufika Nyamirambo yenyewe. Kwenye makaratasi ya serikali Rwezamenyo ni moja ya kata 10 za Wilaya ya Nyarugenge, nayo ina mitaa minne tu: Kabuguru ya Kwanza na ya Pili, Rwezamenyo ya Kwanza na ya Pili. Ni kata ndogo, nyumba zimebanana, na vichochoro vinateremka kwa ngazi kufuata mteremko. Mgeni hawezi kuona Biryogo imeishia wapi na Rwezamenyo imeanzia wapi, na wenyeji hawajali sana. Mtu wa Rwezamenyo akiulizwa anakaa wapi, aghalabu atajibu Nyamirambo. Nami sitaihangaikia mipaka hiyo. Historia ya mahali hapa ni ya kilima kizima, na ilianza kabla ya kata, kabla ya wilaya na kabla ya mji wenyewe kuwapo.

Ilianza na mto. Kwa upande wa magharibi kilima hiki kinatazamana na Mlima Kigali, wenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mlima huo unapita Nyabarongo, maji yake mekundu kwa udongo uliozolewa mashambani. Mto Nyabugogo, unaotoka Ziwa Muhazi, unaungana nao hapo chini. Mvua kubwa ikinyesha Rwezamenyo, maji hukimbilia bonde la Mpazi, yakaingia Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Viktoria, na safari ikaendelea hadi Misri. Jiografia hiyo ndiyo iliyowaleta Wazungu, na Wazungu ndio waliowaleta Waswahili.

Kabla ya hapo watu wa pwani walijaribu wenyewe wakashindwa. Katika karne ya 19 misafara ya Unguja na Bagamoyo ilikuwa imezoea njia za Tabora, Ujiji, Manyema, Karagwe na Buganda, lakini Rwanda ilibaki katikati ya njia hizo ikiwa imejifunga. Henry Morton Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 alimkuta huko Hamed Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amelowea Kafuro, naye akamweleza jinsi nchi ya ng'ambo isivyoingilika. Mfalme wa wakati huo, Kigeli wa Nne Rwabugiri, alikuwa na majeshi yake na vita vyake, na hakuona sababu ya kuwafungulia mlango watu wenye bunduki na shanga waliokuwa wakigeuza nchi za jirani kuwa masoko ya watumwa. Mimi naona alihesabu vizuri. Majirani waliowafungulia mlango hawakufaidika sana na ukarimu wao.

Mlango ulifunguka mwaka 1894. Gustav Adolf von Götzen, mwanajeshi wa Kijerumani ambaye baadaye angekuwa gavana wa koloni lote la Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Majimaji, aliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na Mei akavuka Akagera kwenye maporomoko ya Rusumo. Vitabu humtaja yeye kuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Rwanda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuivuka peke yake. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa pwani, na Kiswahili kilichosikika njiani kilikuwa chao. Kwa hiyo mwaka wa kuingia kwa Wajerumani ndio pia mwaka wa kuingia kwa watu wa Pangani, ingawa sanamu na majina ya kumbukumbu yamewaendea wenye mizigo, si waliobeba.

Miaka minne baadaye akaja Richard Kandt, na huyu ndiye mwenye mji. Alizaliwa Posen mwaka 1867 katika familia ya Kiyahudi ya Kantorowicz, akasomea udaktari wa magonjwa ya akili, kisha akashikwa na jambo lililowashika wengi wa zama zake: kukitafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1898 aliufuata Nyabarongo kwenda juu hadi kwenye kijito cha Rukarara katika msitu wa Nyungwe, akatangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, *Caput Nili*, kilitoka mwaka 1904 na Wajerumani wakakipenda. Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani ikampa kazi ya kuwa mwakilishi wake mkazi Rwanda. Mfalme Yuhi wa Tano Musinga alikuwa na makao yake Nyanza, upande wa kusini. Kandt hakutaka kukaa mlangoni pa mfalme. Alichagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, akajenga nyumba, na mji wa Kigali ukaanzia hapo.

Mji wa serikali huhitaji askari, makarani, wakalimani, mafundi na wenye maduka. Wanyarwanda wachache sana walikuwa tayari kwa kazi hizo, kwa sababu maisha yao yalikuwa mashambani na kwa watemi wao. Askari wa Kijerumani walikuwa watu wa Tanganyika na Sudan, wengi wao Waislamu. Makarani walisoma shule za serikali za pwani, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi. Wafanyabiashara, yaani Wahindi, Waarabu na Waswahili, walikuja kutoka Bukoba na Tabora wakifuata ngozi za ng'ombe na mbuzi. Ngozi ndiyo iliyokuwa bidhaa kubwa ya Rwanda. Ilikwenda Bukoba kwa vichwa vya wapagazi, ikavuka ziwa kwa meli hadi kwenye reli ya Uganda, iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1901, ikaishia Mombasa. Njia hiyohiyo ilirudisha nguo, chumvi na shanga. Wajerumani walianza kujenga reli ya kutoka Tabora kuelekea Rwanda, vita vya 1914 vikaikatiza. Lau ingekamilika, huenda Kigali ingekuwa mji wa Dar es Salaam zaidi kuliko wa Mombasa.

Musinga mwenyewe alijifunza Kiswahili, kusoma na kuandika. Alikitumia kuzungumza na Wajerumani bila kumtegemea mkalimani, jambo ambalo kwa mfalme aliyezungukwa na fitina za ikulu halikuwa anasa bali kinga.

Mwaka 1913 kilima hiki kilipata nyumba mbili za ibada. Waislamu walijenga msikiti wao wa kwanza, al-Fatah. Mwaka huohuo mapadri wa shirika la White Fathers walianzisha misheni ya Sainte-Famille. Mapadri hao walikuwa wameingia Rwanda mwaka 1900 wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, wakaanzia Save, kusini, wakifuatana na makatekista Waganda. Walikuwa wameonja ugomvi wa dini Buganda na hawakutaka kuuona tena. Uislamu waliuhofu, na Kiswahili walikitilia shaka kwa sababu waliona kwamba kinabeba Uislamu ndani yake. Kwa hiyo walihubiri na kufundisha kwa Kinyarwanda. Serikali ya Kijerumani, kwa upande wake, iliona Kiswahili ni chombo cha kazi tu. Mvutano huo kati ya boma na misheni uliwapa Waswahili wa Kigali nafasi ya kupumua kwa miaka michache.

Nafasi hiyo ilizibwa Mei 1916, Wabelgiji walipoingia Kigali na jeshi lao kutoka Kongo. Septemba waliiteka Tabora pia, lakini baada ya vita waliachiwa Rwanda na Burundi, na makao makuu ya maeneo hayo mawili wakayaweka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Kigali ikawa mji wa pembeni. Waswahili waliobaki walijikuta chini ya serikali iliyoongea Kifaransa, iliyoshirikiana na Kanisa Katoliki kwa karibu kuliko Wajerumani walivyowahi kufanya, na iliyowaona wao ni mabaki ya adui.

Miaka ya 1920 ndipo makazi yalipotanda kwenye mgongo huu wa kilima, yakipokea watumishi wa serikali na wafanyabiashara Waswahili. Biryogo ikaitwa Camp Swahili. Jina hilo lilikuwa na maana halisi. Serikali ya Kibelgiji iliwaweka Waswahili katika makazi yaliyotengwa, nje ya mamlaka ya watemi wa kimila, yenye viongozi wake na kanuni zake, na mwendo wa kuingia na kutoka ukadhibitiwa kwa vibali. Nia haikufichwa: fikra za mjini, biashara na Uislamu zisiwafikie wakulima wa vilimani. Kambi za namna hiyo ziliota katika miji mingine ya Rwanda pia, na Bujumbura ilikuwa na Buyenzi. Waingereza nao walifanya ya kwao. Pumwani ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1922 kwa mawazo ya aina hiyohiyo. Mtu wa Buyenzi, wa Pumwani na wa Biryogo wakikaa pamoja hawahitaji kuelezana sana.

Katika Rwanda ya wakati huo Mswahili hakuwa lazima mtu wa pwani. Mhaya aliyekuja kufuata ngozi, Mmanyema aliyekuja na Wabelgiji, Mnyarwanda aliyesilimu na kuhamia mjini, wote waliitwa hivyo. Ukiwa Mwislamu na unaishi kambini, wewe ni Mswahili. Na vilimani, kwa Wanyarwanda wengi, jina hilo lilikuwa na harufu ya ulaghai: mtu asiye na ng'ombe, asiye na ukoo unaojulikana, anayeishi kwa maneno.

Shule ndiyo iliyowaumiza zaidi. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyeandikishwa alitarajiwa kurudi nyumbani na jina la ubatizo. Wazazi wengi walichagua madrasa. Musinga alipoondolewa mwaka 1931 na mwanawe, Mutara wa Tatu Rudahigwa, akawekwa mahali pake, mlango ulifungwa kabisa. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Makarani, waalimu na watemi wapya walitoka seminari na shule za misheni. Watoto wa Camp Swahili hawakuwamo.

Waliingia kwenye kazi ambazo cheti hakiulizwi. Wakawa washonaji, wachinjaji, wauza nguo, mafundi wa magari, na zaidi ya yote madereva. Udereva ulikiokoa kilima hiki. Dereva wa lori alikwenda Kampala, Mombasa, Bukoba, Bukavu, Bujumbura. Alikuwa na jamaa au rafiki kila mji, na Kiswahili chake kilimfungulia vituo vyote vya njiani. Wakati msomi wa seminari aliijua Roma kwa vitabu, dereva wa Nyamirambo alizijua bandari za Afrika Mashariki kwa miguu yake. Kiswahili kilidumu Kigali kwa sababu ya injini na soko. Serikali haikukilea.

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilipewa hadhi ya mji mkuu ikiwa na watu wapatao 6,000 tu. Nyanza ilikuwa ya wafalme waliokwisha kuondolewa, na Butare ilikuwa ya wasomi. Kigali haikuwa ya mtu, na ilikuwa katikati ya nchi. Mji ulianza kukua, na kwenye ubavu wa Rwezamenyo nyumba za matofali ya udongo zikazidi kushuka kuelekea bondeni. Mwaka 1964 Waislamu walipata jumuiya yao iliyotambuliwa kisheria, AMUR. Serikali za marais Kayibanda na Habyarimana hazikuwapa vyeo vikubwa, na kwa sehemu kubwa wao wenyewe walikaa mbali na siasa. Fedha zilitoka nje: Libya iligharimia kituo kikubwa cha utamaduni wa Kiislamu cha Nyamirambo, chenye msikiti na shule, ambacho hadi leo watu hukiita kwa jina la Kadhafi. Kanali mwenyewe alifika Kigali mwaka 1985, akatumia hotuba yake kuhimiza Mobutu wa Zaire auawe. Wenyeji wake walibaki na kazi ya kuwatuliza majirani.

Sasa nafika mwaka 1994, na hapa lazima kwenda polepole.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini-magharibi, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa chama tawala kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato ya Nyabarongo. Kila aliyemsikia alielewa, kwa maana Nyabarongo haupitishi mashua hadi Ethiopia. Mto ambao Kandt aliufuata kwa shauku ya msafiri uligeuzwa jina la mauaji. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye neno likawa tendo. Miili ilielea Nyabarongo, ikaingia Akagera, ikafika Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Uganda wakaiopoa na kuizika kwa maelfu katika vijiji vya Kasensero, Lambu na Ggolo.

Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, vizuizi viliwekwa kwenye barabara ileile ya mgongo wa kilima. Katika nchi nzima watu walikimbilia makanisani, kwa kuwa katika machafuko ya nyuma makanisa yaliheshimiwa, na safari hii wakafuatwa humohumo. Ng'ambo ya Nyabarongo tu, katika nchi ya Bugesera, makanisa ya Ntarama na Nyamata leo ni makumbusho ya waliouawa ndani yake. Nyamirambo nayo haikusalimika. Tarehe 10 Juni wanamgambo waliwatoa wakimbizi waliokuwa wamejificha parokiani, wengi wao watoto, wakawaua.

Pamoja na hayo, kwenye kilima hiki watu wengi walifichwa na wakapona. Familia za Kiislamu ziliwaingiza majirani majumbani, nyuma ya maduka, misikitini. Wanawake waliwavika wageni wao hijabu na kuwafundisha salamu na dua za kutosha kupita kizuizini. Watafiti waliokusanya ushahidi baada ya vita wamelieleza jambo hili kwa njia mbalimbali. Wako wanaotaja mahubiri ya masheikh walioonya tangu kabla ya Aprili kwamba siasa za ukabila ni haramu. Wako wanaotaja umbali wa Waislamu na vyama vya siasa. Filamu ya *Kinyarwanda* ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Alrick Brown, iliusimulia ulimwengu kisa cha msikiti wa Kigali uliowafungulia milango Wahutu na Watutsi.

Sababu hizo zote nazikubali, lakini naona ipo iliyo chini yake. Watu wa Camp Swahili walikuwa wamefungiwa pamoja kwa miongo kadhaa. Wabelgiji, walioandika Hutu na Tutsi kwenye vitambulisho vya miaka ya 1930 na kuyafanya maneno hayo kuwa hatima ya mtu, waliwatia Waswahili katika fungu lao peke yao. Mtoto wa Biryogo au Rwezamenyo alitukanwa kwa Uswahili wake kabla ya kutukanwa kwa kabila lake. Walioana, walizikana, walikopeshana mitaji ya biashara, walilishana futari. Kambi iliyojengwa ili kuwatenga na Wanyarwanda ikawatenga pia, kwa kiasi, na sumu iliyokuwa ikinyweshwa Wanyarwanda wengine. Hilo halikukusudiwa na aliyeichora ramani, wala asishukuriwe kwalo.

Nasema kwa kiasi, kwa sababu hadithi hii imepambwa mno na waandishi wa habari. Waislamu nao waliua. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la *Kangura* lililochochea chuki kuliko yote, alikuwa Mwislamu. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na rufaa ikakipunguza hadi miaka 35. Watutsi Waislamu waliuawa na majirani zao. Wala waokoaji wa kilima hiki hawakuwa Waislamu pekee. Damas Gisimba, Mkristo aliyeendesha kituo cha yatima Nyamirambo, aliwaficha watu wapatao 400, watoto kwa watu wazima, huku maji yakiisha na wanamgambo wakizunguka ukuta. Mmarekani Carl Wilkens, Msabato aliyekataa kuondoka Kigali wakati balozi za kigeni zilipofungasha, alikuwa akiwapelekea maji. Wauaji walipokizingira kituo, Wilkens alikwenda kuomba msaada kwenye ofisi za mkoa, na aliyemkuta huko na kumwomba ni Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyokuwa ikiua. Kambanda aliahidi, na watoto wakahamishwa. Mwaka 1998 Kambanda alikiri kosa la mauaji ya kimbari huko Arusha akafungwa maisha. Gisimba alifariki mwaka 2023.

Jeshi la waasi wa RPF, lililokuwa likipigana na serikali hiyo, liliikamata Kigali tarehe 4 Julai 1994. Waliorudi kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo walirudi na Kiswahili chao, na kilima cha Nyamirambo kikawa mahali rahisi kwa mtu asiyekijua Kinyarwanda vizuri kuanza maisha. Baadhi ya watu walisilimu baada ya vita, wengine kwa kuchukizwa na yaliyotokea makanisani, wengine kwa shukrani. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika kwamba Waislamu wamefika asilimia 10, hata 14. Sensa ya mwaka 2012 ilipata asilimia 2. Tofauti hiyo inatufundisha kuhusu magazeti zaidi ya inavyotufundisha kuhusu dini. Kilichobadilika kweli ni hadhi. Idd el-Fitri ni sikukuu ya taifa, Waislamu wamekuwa mawaziri na wabunge, na Februari 2017 bunge lilipiga kura Kiswahili kiwe lugha rasmi, miaka 10 baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha ya kambini ikapanda hadi kwenye nyaraka za serikali. Kuzungumzwa kwake ofisini ni jambo jingine. Kwenye maduka ya Rwezamenyo haikuhitaji kura.

Mambo hayakuwa mema yote. Mwaka 2018 mamlaka za Nyarugenge zilipiga marufuku adhana kwa vipaza sauti, katika kampeni ileile ya kelele na usalama wa majengo iliyofunga mamia ya makanisa jijini. Viongozi wa Waislamu walitii, ingawa kwa mzee aliyeipanga siku yake kwa adhana tangu utotoni, saa ya simu si badala yake.

Leo ukipita hapa jioni utaona mji usiolala mapema kama Kigali nyingine. Mishikaki inachomwa, chapati zinageuzwa, chai ya maziwa na tangawizi haikauki. Huko Biryogo mitaa kadhaa ilifungwa magari mwaka 2021 na lami yake ikapakwa rangi, meza zikawekwa njiani, na vijana wa jiji zima huja kupiga picha. Wanawake wa Nyamirambo walioanzisha kituo chao mwaka 2007 huwatembeza wageni mitaani kwa miguu na kuwafundisha kupika. Uwanja wa mpira wa Nyamirambo ulibadilishwa jina Machi 2023, mkutano wa FIFA ulipofanyika Kigali, ukaitwa Uwanja wa Pelé, ingawa Pelé hana alichowahi kukifanya Nyamirambo na wako wachezaji wa Kigali waliostahili heshima hiyo kabla yake.

Chini ya rangi hizo liko swali la ardhi. Kilima kiko dakika chache kutoka katikati ya mji mkuu unaokua kwa kasi, na mpango mkuu wa jiji hauzipendi nyumba zilizobanana za matofali ya udongo. Mfano mbaya ulionekana upande wa pili wa jiji, Kangondo, ambako baada ya mvutano mrefu wakazi walihamishiwa Busanza mwaka 2022. Mfano ulio afadhali uko Mpazi, kata ya jirani ya Gitega, ambako mwenye nyumba anabadilishiwa kiwanja chake kwa nyumba ya ghorofa palepale, bila kupelekwa mbali na majirani zake. Kama Rwezamenyo itajengwa upya, na itajengwa, njia ya Mpazi ndiyo inayofaa, kwa sababu thamani ya kata hii haikuwa kamwe kwenye kuta zake. Nyumba nyingi za asili zimekwisha kubomolewa na kujengwa mara mbili au tatu na wenyewe. Thamani ni nani anakaa karibu na nani. Mwaka 1994 mtu alipona kwa sababu aliujua mlango wa kubisha.

Nyumba ya Kandt imehifadhiwa. Ni makumbusho ya taifa, kuna ukumbi wa enzi ya Wajerumani, na kuna hata nyoka na mamba. Vizuri, mji uujue mwanzo wake. Lakini nusu nyingine ya mwanzo huo, ya wapagazi wa Pangani, askari waliostaafu, Wahaya wa ngozi, madereva na mama zao waliouza maandazi mlangoni, haina hata chumba kimoja Rwezamenyo wala Biryogo. Waliozaliwa Camp Swahili kabla ya uhuru sasa wamevuka miaka 60, na wengi wao wanasimulia kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Rwanda kina wanafunzi wa historia na wa Kiswahili, Jumuiya ya Waislamu ina kumbukumbu za misikiti na ndoa, na Wilaya ya Nyarugenge ina majengo. Wakutane, wawatume vijana na vinasa sauti kwenye vibaraza vya kilima hiki, na kazi hiyo ianze mwaka huu.